Waliopona Hawapangi Foleni

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani, Patricia Cohen na Jacob Cohen, walichapisha makala ambayo ningependa kila mwanasaikolojia tiba aisome kabla hajaanza mafunzo kwa vitendo. Hoja yao ilikuwa ya hesabu kuliko ya tiba. Ukiingia wodi ya wagonjwa wa akili siku yoyote na kuhesabu waliolazwa humo, aliyekaa miaka kumi utamkuta tu, kwa kuwa hatoki. Aliyelazwa mwezi mmoja, akapata nafuu na kurudi kwao kuendelea na cherehani yake, utamkuta kwa bahati. Tabibu anayewaona wagonjwa mahali hapo tu ataujua ugonjwa kwa sura za wale walioelemewa nao zaidi, na ataamini kwa moyo safi kabisa kwamba hivyo ndivyo ugonjwa ulivyo. Wawili hao waliiita hali hiyo njozi ya tabibu.

Njozi hiyo naiona ikiwaingia wanafunzi ninaowasimamia. Huja na hamu na huruma, daftari jipya mkononi, vitabu vyao wamevisoma vizuri. Wiki chache baadaye, wakishamwona mtu yuleyule akiletwa na polisi kwa mara nyingine, lugha yao inabadilika. "Mwalimu, hawa hawaponi," aliniambia mmoja tukitoka wodini. "Wanatulizwa tu." Hakusema kwa ubaya, alisema alichokiona. Lakini kesho yake alikuwa akae mbele ya mama aliyesafiri kwa basi kutoka mkoani, na mama wa namna hiyo huuliza swali moja: "Mwanangu, huyu mdogo wako atarudi kuwa mtu?" Jibu linalotoka hapo hubebwa hadi kijijini. Ndilo litakaloamua kama shamba litauzwa kumtibia au halitauzwa, kama ataoa, kama ataachiwa ufunguo wa nyumba, kama atafungwa kamba.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mwanasaikolojia anayejifunza maradhi mazito ya akili, skizofrenia na ndugu zake, anapaswa kujifunzia sehemu kubwa ya kazi hiyo mtaani na majumbani mwa watu. Hospitali ina kazi yake, na mtu akichafukwa ndiko pa kumkimbiza. Ila siku za kuchafukwa ni chache katika maisha ya mgonjwa. Siku zilizobaki, ambazo ni nyingi mno, yuko kwao.

Hospitali zetu zenyewe zimebeba mzigo mwingine. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910, Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, na Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Vizazi kadhaa vya watoto vimekua vikiyasikia majina hayo kama matusi kabla ya kuyajua kama mahali pa tiba. Mtu akiambiwa "wewe wa kupelekwa Mirembe", anayetukana na anayetukanwa wote wanajua maana yake. Familia hukawia kumpeleka mgonjwa wao kwa kuogopa jina, wakizunguka kwanza kwa mganga, kwa shehe na kwenye maombi, na hatimaye humfikisha akiwa taabani. Basi mwanafunzi anayeanzia wodini anakutana na mtu mwishoni mwa safari ndefu, na ya njiani hayajui.

Cha kushangaza ni kwamba mafunzo kwa vitendo ya wanasaikolojia tiba yalizaliwa karibu kabisa na wagonjwa wazito. David Shakow, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya kazi Worcester State Hospital katika jimbo la Massachusetts kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi 1946. Huko alitafiti skizofrenia na kulea wanagenzi wa saikolojia miongoni mwa wagonjwa hao. Mwaka 1947 aliongoza kamati iliyopendekeza kwamba hakuna mtu wa kuitwa mwanasaikolojia tiba bila mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, na mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949 ukalikubali jambo hilo. Kanuni inayofuatwa leo kwingi duniani ilitoka kwa mtu aliyeshinda na wagonjwa ambao wengine walikwisha kuwakatia tamaa.

Baadaye taaluma ilihamia ofisini. Viti viwili, boksi la tishu, saa moja na mteja anayejieleza vizuri na kufika kwa miadi. Kwetu pia ushauri nasaha umekua kwa kasi, nami naufurahia ukuaji huo, kwa kuwa wapo wengi wanaohitaji kusikilizwa. Lakini anayesikia sauti ameachiwa daktari na sindano. Wanafunzi wengi wanahitimu wakiwa wamekaa saa nyingi na wanandoa na wanachuo, na saa chache mno na mtu anayeamini kwamba redio inamsema yeye.

Kule Madison, Wisconsin, jambo lilitokea ambalo nalirudia kila ninapopokea kundi jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Mendota State Hospital, madaktari Leonard Stein na Arnold Marx pamoja na mwanasaikolojia Mary Ann Test walikuwa wakiwafundisha wagonjwa wodini kupika, kufua, kupanga matumizi ya fedha. Wagonjwa walijifunza vizuri wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Muda si mrefu wakarudi. Kupika kwenye jiko la wodi hakukuwa kupika kwenye jiko la chumba cha kupanga, ambako hakuna wa kukuambia sasa washa. Mwaka 1972 wakachukua uamuzi ambao hadi leo nauona wa kijasiri: wakawatoa watumishi wa wodi, wakawapeleka mjini. Wauguzi na wataalamu wengine wakawa wanawakuta wagonjwa walikoishi, wanaenda nao dukani, wanapanda nao basi, wanazungumza na mwenye nyumba aliyetaka kuwafukuza. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 1980. Waliohudumiwa hivyo walilazwa mara chache mno kuliko wenzao, na wengi zaidi walikuwa na kazi. Kuna sehemu nyingine ya matokeo hayo ambayo haisemwi sana, nitairudia.

Nieleze kwanza kile ambacho mwanafunzi hukiona nyumbani na ambacho faili haliwezi kumwonyesha.

Nilifuatana na mwanagenzi, binti makini sana, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa ule, mama wa makamo anayejua kila uchochoro na kila deni. Faili la kijana tuliyemwendea lilisema: hanywi dawa ipasavyo, hana utambuzi wa ugonjwa wake. Tukapiga hodi, tukakaribishwa, jamvi likatandikwa. Binti akafungua fomu yake na kuuliza kama alivyofundishwa: "Dawa unakunywa kama ulivyoelekezwa?" Kijana akajibu, "Nakunywa." Mama yake akatazama chini. Kimya. Binti akaandika.

Mhudumu wetu hakuwa na fomu. Alimgeukia mama wa kijana akamuuliza, "Shoga, jana mlipika nini?" Ikatoka habari polepole. Asubuhi ni chai kavu. Mchana hawapiki. Mlo ni mmoja, usiku, na watoto wadogo ni watatu. Hapo kijana mwenyewe akaingilia: "Nikimeza kile cha asubuhi nashinda na njaa ambayo si ya kawaida. Nafunua masufuria. Wadogo zangu wananiangalia." Akasimama, akaleta kiberiti kutoka chini ya godoro. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya asubuhi, amevipanga vizuri, hajatupa hata kimoja. Vya usiku alikuwa akimeza vyote.

Baadhi ya dawa hizi huamsha njaa kali. Jambo hilo limeandikwa katika kila kitabu cha dawa za akili. Limeandikwa katika orodha ya madhara, katikati ya kinywa kukauka na usingizi. Mwanafunzi hulikariri akafaulu mtihani. Pale kwenye jamvi ndipo alipoliona likiwa uamuzi wa kaka mkubwa anayewaonea huruma wadogo zake. Tulirudi kwa daktari, akamhamishia dozi yote usiku, muda wa chakula. Haikuhitaji zaidi ya hapo. Na ule mstari wa "hana utambuzi" binti aliufuta mwenyewe, akaandika kilichopo.

Tukiwa tunaaga, kijana alitoka na madumu mawili kwenda bombani. Tukaambiwa huwatekea majirani maji kwa malipo, na kwamba wanamwamini na chenji. Hili pia halikuwa kwenye faili. Hospitali humuuliza mtu anasikia nini, analala vipi, amewahi kutaka kujidhuru. Haimuulizi nani mtaani anamwachia hela yake. Mimi nadhani swali hilo la mwisho lina uzito sawa na yale mengine, na mwanasaikolojia ndiye wa kulibeba, kwa kuwa daktari ana foleni ndefu nje ya mlango.

Nyumba, hata hivyo, si lazima iwe mahali pema. Mwaka 1958 George Brown na wenzake jijini London waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili, wakakuta jambo lisilotarajiwa: waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliokwenda kuishi nyumba za kupanga au kwa kaka na dada zao. Utafiti uliofuata ulitafuta sababu ndani ya mazungumzo ya familia. Lawama za mara kwa mara, chuki, na ule ulinzi wa kupindukia unaomfanya mtu mzima ahesabiwe hata hatua za kwenda chooni, vilionekana kumrudisha mgonjwa hospitalini. Christine Vaughn na Julian Leff walionyesha mwaka 1976 kwamba hatari huzidi pale mgonjwa anaposhinda na ndugu wa namna hiyo zaidi ya saa 35 kwa juma. Nikiwaza vyumba vyetu, ambamo watu sita hulala, hula na kugombana humo humo, saa hizo zinakwisha kabla ya Jumatano.

Kwa hiyo mwanagenzi aende nyumbani akiwa na masikio. Ajue kusikia tofauti kati ya "huyu mvivu tu, anajifanya" na "leo hajaamka vizuri, tumwache". Sentensi ya kwanza ndiyo kazi yake. Haitatolewa kwa mhadhara. Baba anayesema mwanawe ni mvivu mara nyingi ni mtu mwenye hofu, anajiuliza nani atamtunza huyu siku yeye hayupo. Akielezwa, kwa adabu na kwa kiasi, kwamba kukosa hamu ya kufanya kitu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwamba hakuna aliyejitakia, sauti hushuka. Nimeiona ikishuka.

Mtafiti Mmarekani Juli McGruder alipoishi Zanzibar na kukaa karibu na familia zenye wagonjwa wa skizofrenia, aliyoyaona yanatuhusu moja kwa moja. Mazungumzo ya mashetani na majini, ambayo mwanafunzi wetu hufundishwa kuyahesabu kuwa kikwazo cha tiba, katika baadhi ya nyumba hizo yalifanya kazi ya kumbakiza mgonjwa ndani ya familia. Shetani amekuja, shetani ameondoka, aliyebaki ni yuleyule mwana wetu. Hakuna aliyemtaka aeleze kwa nini jana alipiga kelele. Na imani kwamba huu ni mtihani kutoka kwa Mungu iliwapunguzia watu lawama na haraka. Sisemi kila imani ni ya kheri. Imani ya uchawi imegombanisha koo, na nimeona alama za kamba kwenye vifundo vya mikono ya watu "walioombewa". Mwanafunzi hana budi kupima nyumba kwa nyumba: hapa imani inamkumbatia mgonjwa, pale inamfunga. Hakuna mhadhara unaoweza kumfundisha kipimo hicho.

Sasa ile sehemu ya matokeo ya Madison. Huduma ilitolewa kwa miezi 14, kisha ikasitishwa, wagonjwa wakarudishwa kwenye utaratibu wa kawaida. Mafanikio mengi yakayeyuka. Waliokuwa wakifanya kazi wakaacha, waliokuwa hawalazwi wakaanza tena kulazwa. Stein na Test hawakuficha hilo. Walisema wazi kwamba msaada wa aina hii haupaswi kuwa na tarehe ya mwisho.

Hapa pana mgongano ambao sijaona ukisemwa vya kutosha. Mafunzo yana mwisho. Marekani ni mwaka. Kwetu mara nyingi ni miezi michache. Ugonjwa unaweza kwenda na mtu miaka 30. Mwanagenzi bora kuliko wote, yule anayependwa, anayekumbuka jina la kila mdogo mtu, ndiye anayeacha pengo kubwa zaidi. Anaingia mwingine na daftari jipya, na mgonjwa anaombwa aanze upya: uliugua lini, sauti zinasema nini, mlikuwa wangapi kwenu. Mama mmoja alinijibu kwa upole kabisa, "Daktari, hayo tulishampa yule binti wa mwaka jana. Mkamuulize yeye." Alikuwa na haki. Tulikuwa tunajifunza kwa uchungu wake na kuondoka nao.

Tangu hapo nawataka wanafunzi waingie kila nyumba na yule asiyeondoka, yaani mhudumu wa mtaa, na waseme tarehe ya kuondoka siku ya kwanza, mbele ya mgonjwa. Nawataka pia waache kitu kilichofanyika. Wahenga wetu walikwisha sema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Na jembe la mwanagenzi ni kumsindikiza mtu kuchukua dawa hadi amzoee mfamasia, kukaa na kinyozi mpaka aache kumwogopa mteja huyu, kumwandikia mwenyekiti wa mtaa barua ya kumtambulisha. Kazi hizi zinaonekana ndogo kwa aliyesoma nadharia kwa miaka mitano. Hakuna hata moja iliyo chini ya hadhi ya shahada yake.

Wala tusijidanganye kwamba jambo hili ni la kigeni. Tanzania ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ambako watu walilima na kuishi nje ya kuta za wodi. Lutindi, katika milima ya Usambara, imewahudumia wagonjwa kwa kazi za mikono na shamba tangu enzi ya Wajerumani. Tulikuwa na la kufundishia wakati vyuo vyetu havijaanza hata kutoa wanasaikolojia tiba.

Mwanafunzi aliyeniambia kwamba hawaponi nilimpa utafiti wa Vermont asome. Katikati ya miaka ya 1950, wagonjwa 269 wa Vermont State Hospital, kutoka wodi za nyuma walikowekwa waliokatiwa tamaa, waliandaliwa na kutolewa kwenda kuishi na watu, wakipewa msaada wa makazi na kazi. Courtenay Harding na wenzake waliwatafuta baada ya takriban miaka 32 na kuchapisha walichokikuta mwaka 1987. Kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa. Walipolinganishwa baadaye na wenzao wa jimbo la Maine, ambao hawakupata mpango kama ule, wa Vermont walikuwa wamefanikiwa zaidi. Alisoma, akasema, "Hiyo ni Marekani, mwalimu."

Nikampeleka kwa mwanamke anayekaanga vitumbua karibu na kituo cha daladala. Miaka ya nyuma aliokotwa barabarani akitembea bila nguo, wapo wanaokumbuka. Leo anameza kidonge kimoja usiku, ana wateja, ana mkoba wa vikoba. Niliwahi kumwomba aje hospitalini azungumze na wanafunzi, akanikatalia: "Nije kufanya nini, mwalimu? Mimi siumwi." Ndiyo maana wanafunzi humfuata yeye. Hukaa kwenye benchi lake, hununua vitumbua, na kati ya mteja na mteja huwaambia anachotaka. Huwaambia kilichomsaidia: shangazi aliyemwachia jiko, muuguzi mmoja aliyemwita kwa jina la mwanawe, na kwamba sauti bado huja siku za uchovu, naye huziacha ziseme huku akigeuza vitumbua. Kijana wangu alirudi peke yake mara kadhaa. Sikumuuliza tena kuhusu kupona, na hajarudia ile kauli.

Kenya imekuwa na sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na kote Afrika Mashariki vyuo vinaendelea kuandika na kurekebisha mitaala. Ombi langu kwa wanaokaa kwenye vikao hivyo ni hili: kabla ya kupitisha ratiba ya mafunzo kwa vitendo, ulizeni mwanafunzi atakutana wapi na mtu aliyepona. Kama hakuna mahali hapo kwenye ratiba, msiipitishe.